Darasa la Siku ya Matuta

Nilichaguliwa kuwa kiranja mkuu mwaka wangu wa mwisho shuleni, na mpaka leo sijui ni kwa sababu gani. Sikuwa wa kwanza darasani. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Baada ya sala ya asubuhi Sista mkuu alisimama mbele ya wasichana wote akataja jina langu, nami nikageuka nyuma kumtazama huyo aliyeitwa. Wenzangu walicheka, wakanisukuma mbele.

Kuanzia siku hiyo nilipiga kengele, nikagawa maharage, nikapanga zamu za kufagia. Nikiingia bwenini, mazungumzo yalikatika. Msichana aliyelala kitanda cha jirani yangu tangu tulipofika shuleni alianza kuniitikia "ndiyo, kiranja" kwa sauti ambayo sikuweza kujua kama ni ya heshima au ya dhihaka. Siku moja nilimuuliza.

"Unanicheka, au?"

"Ndiyo, kiranja," akasema, akaendelea kukunja shuka yake.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Shule yetu ya misheni ilikuwa chini, karibu na mji wa Morogoro, na kwetu kulikuwa juu kabisa milimani Uluguru, safari ya miguu ya kutwa nzima. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Ngerengere, akirudi nyumbani wakati wa Noeli tu. Mashamba yetu ya milimani yalikuwa ya ukoo wa mama, kama ilivyo desturi yetu Waluguru, na mama ndiye aliyeyalima.

Likizo ya katikati ya mwaka ilipokaribia, Sista alituita wasichana wa darasa la mwisho. Alisema kila mmoja wetu atafanya huduma kijijini kwao bila malipo. Mmoja atasaidia zahanati, mwingine atafundisha watoto kushona. Kisha akanitazama mimi.

"Wewe utafundisha akina mama kusoma. Kiranja mkuu lazima awe mfano. Kuongoza ni kutumikia."

Niliitikia kwa kichwa. Njiani kupanda mlima, nikiwa na chaki na vitabu vichache vya kwanza vya kusoma kwenye furushi kichwani, nililirudia neno hilo mara nyingi. Kuongoza ni kutumikia. Kama ni hivyo, mbona waliotutumikia, wapishi na wachota maji, hakuna aliyewaita viongozi? Nilifika nyumbani jua likishuka, na jibu sikulipata.

Mama alikuwa akipukuchua maharage barazani. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza nilichotumwa. Aliendelea kupukuchua, maharage yakianguka kwenye ungo.

"Na maji atachota nani?" akauliza.

"Nitachota mimi, mama, kabla ya darasa."

"Na kuni?"

"Na kuni."

"Haya," akasema. Sikuelewa kama amekubali au amechoka tu kuuliza.

Katekista wetu alinipa chumba cha mafundisho kando ya kanisa. Alisema siku inayofaa ni Jumatano, maana siku hiyo chumba kiko wazi. Sikumuuliza kwa nini kiko wazi. Yeye na Padre walikwisha kusema na jumbe, mkuu wa kijiji chetu, akaniambia, na jumbe hakuwa na kipingamizi. Nilidhani ni habari ya kawaida tu ya wakubwa kuarifiana.

Jumatano ya kwanza ukungu ulikuwa mzito, huoni mgomba ulio mbele yako. Walikuja wanawake watatu. Wa kwanza alikuwa mama yangu. Wa pili alikuwa bibi mmoja mjane, mwembamba, aliyeishi peke yake juu ya kijito, ambaye sote tulimwita Bibi. Wa tatu alikuwa msichana wa rika langu. Tulibatizwa siku moja, tukacheza pamoja, tukaanza shule pamoja. Yeye alitolewa akiwa darasa la pili, akaolewa, na sasa alikuwa na mtoto mgongoni.

Nilisimama mbele ya ubao nikasema, "Shikamooni."

Wote watatu wakasimama. Walikuwa wameona watoto wa shule wakisimama mwalimu anapoingia, nao wakafanya vivyo hivyo. "Marahaba, mwalimu," wakaitikia pamoja. Mama yangu naye alisimama, mikono ameishusha ubavuni kama askari.

Sikujua la kufanya. Kumwambia mama yangu "kaa" niliona ni utovu wa adabu. Kumwacha asimame niliona ni vibaya zaidi. Tulibaki hivyo, tukitazamana, mpaka mtoto wa rafiki yangu akaanza kulia, na Bibi akaketi mwenyewe akilalamikia magoti. Ndipo wengine nao wakaketi.

Nikaandika a, e, i, o, u.

Nyumbani jioni ile mama alinikaripia kwa sababu nilisahau kuwafungia kuku. Nikamjibu, "Samahani, mama." Akasema, "Samahani haileti kuku." Kisha, kwa sauti nyingine kabisa, akauliza, "Ile iliyofanana na yai ilikuwa ipi?"

"Ni o, mama."

"O," akasema, akaenda kuwatafuta kuku.

Jumatano ya pili walikuja zaidi. Ya tatu wakajaza mabenchi, wengine wakaketi chini kwenye majamvi, na waliochelewa wakasimama dirishani. Walikuja na watoto, na vikapu, na maharage ya kuchagua. Tuliimba ba be bi bo bu mpaka kenchi za paa zikatikisika. Nilikuwa nimezoea wasichana wanaonyamaza nikiingia. Hapa wanawake wa umri wa mama yangu walinipisha njia, wakinisifu kwamba nafundisha vizuri. Sauti yangu ilianza kukua. Nilitembea nikiwa nimeinua kidevu. Nilifikiri, kumbe Sista aliona kitu ndani yangu ambacho mimi sikukiona.

Nilikuja kujua ukweli njiani, nikitoka kuteka maji. Kundi la wanaume lilikuwa likishuka na majembe, wamechafuka udongo mwekundu hadi magotini. Mmoja wao, jirani yetu, alisimama akaniita.

"Mwalimu! Hutaki na wanaume darasani? Mimi niko tayari kuvaa kanga."

Wenzake wakaangua kicheko. Nami nikacheka kwa adabu, bila kujua ninacheka nini. Nilipofika nyumbani nikamuuliza mama.

Mama aliweka mwiko chini. "Hukujua?"

"Sikujua nini?"

"Jumatano ni siku ya matuta."

Matuta niliyajua. Serikali iliamuru kila mteremko ukatwe ngazi ngazi ili mvua isichukue udongo. Kazi ilikuwa ngumu, ya kuchimba kutwa nzima mlimani, na asiyekwenda alitozwa faini barazani. Wengine walisema mtu anaweza kupelekwa jela Kingolwira. Nisichokijua ni kwamba, nilipokuwa shuleni, jumbe alikuwa ameitenga Jumatano iwe siku ya matuta kwa kijiji kizima, wanaume kwa wanawake. Ndiyo maana chumba cha mafundisho kilikuwa wazi. Na kwa kuwa jumbe hakutaka ugomvi na Padre, alikuwa ametangaza kwamba wanawake walioko darasani wasisumbuliwe.

"Kwa hiyo hawaji kusoma," nikasema.

"Wanakuja," mama akasema. "Si unawaona?"

"Wanakuja kukwepa matuta."

"Na kusoma pia wanasoma. Unataka waje kwa ajili ya nini? Kwa ajili yako?"

Kilichonivuruga hakikuwa kimoja. Shuleni tulikuwa tumefundishwa habari za mmomonyoko wa ardhi. Nilichora matuta kwa kalamu ya rangi, na mchoro wangu ulibandikwa ukutani. Niliamini matuta ni mema. Lakini juu ya nyumba yetu, kwenye kipande alichokikata mama mwaka uliotangulia, mahindi yalitoka mafupi na ya manjano, kwa sababu udongo mzuri ulifukiwa chini na ule mwekundu ukaja juu. Na ng'ambo ya kijito, kwa Bibi, ambako hakuna aliyekata kitu, mvua ilikuwa imeporomosha kipande kizima cha shamba. Nilitazama huku na huku. Kila upande ulikuwa na ushahidi wake.

Nilikwenda kwa katekista. Nilimuuliza kama darasa langu ni huduma au ni maficho.

Alikuwa akishona kiatu chake. "Umetumwa kufundisha?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi fundisha."

"Lakini kama wanadanganya?"

"Wamekwambia wamekuja kufanya nini?"

Nikafikiri. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia lolote. Nilikuwa nimejiambia mwenyewe.

Jumatano iliyofuata tulikuwa katikati ya somo mlango ulipofunguliwa. Aliingia jumbe, kofia mkononi, na nyuma yake bwana shamba, kijana wa kutoka jimbo jingine, mwenye kaptula iliyopigwa pasi na buti zenye udongo. Wanawake wote wakasimama. Nilimwamkia jumbe. Bwana shamba alilitazama darasa lililojaa, kisha akanitazama mimi.

"Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiyo, bwana."

"Mlimani leo kuna wanaume na mbuzi tu. Hawa wote wanasoma?"

Kiranja mkuu hasemi uongo. Hilo nilikuwa nikiwaambia wadogo zangu shuleni kila wiki. Lakini ukweli ulikuwa upi? Wengine walisoma kweli. Wengine walichagua maharage. Wengine walifanya yote mawili.

"Wote wanakuja, bwana," nikasema.

"Sijauliza kama wanakuja."

Akachukua kitabu mezani, akampa Bibi aliyekuwa benchi la mbele. "Soma, bibi."

Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akakifungua, akakiinua karibu na macho. Kilikuwa kichwa chini miguu juu. Akaanza kusoma kwa sauti kubwa isiyotetemeka, "Baba analima. Mama anapika. Kuku anakula mtama." Aliendelea hadi chini ya ukurasa, akaufunua pale unapopaswa kufunuliwa, akasoma na wa pili wote. Hakukosea neno. Alikuwa amekishika kitabu kizima moyoni kwa kutusikia tukikiimba.

Bwana shamba alinyoosha mkono, akakigeuza kitabu taratibu mikononi mwa Bibi.

"Asante, baba," Bibi akasema, akaanza tena kutoka mwanzo.

Jumbe alijitia kukohoa. Bwana shamba hakucheka, ila mdomo wake ulikuwa ukihangaika. Akachukua chaki akaandika ubaoni *mvua*, akamwonyesha rafiki yangu mwenye mtoto. "Mvua," akasoma mara moja. Akaandika *udongo*. "Udongo." Akaandika neno la tatu. Rafiki yangu alilitazama, akatulia kidogo, akasema, "Matuta."

Hapo darasa zima likapasuka kwa kicheko, na hata jumbe hakuweza kujizuia.

Kisha bwana shamba akamgeukia mama yangu. Aliandika *mama*. Neno hilo mama alilijua. Alikuwa ameliandika mwenyewe kwa mkaa ukutani jikoni, nikamwona. Alilitazama ubaoni kwa muda, kisha akainamisha kichwa.

"Sijui, bwana," akasema.

Nilimtazama kwa mshangao, naye hakunitazama.

Bwana shamba akafuta mikono. Akamwambia jumbe, mbele yetu sote, kwamba anayejua kusoma amekwisha kujifunza, basi aende mlimani. Na asiyejua, baada ya Jumatano zote hizi, ni wazi kwamba hasomi, basi aende mlimani naye. Nikajaribu kuyafuata maneno hayo yanavyokwenda, nikapotea katikati. Yalionekana ya haki, lakini hayakumwachia mtu hata mmoja nafasi ya kukaa. Nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Bwana, na wanaoanza tu kujua?"

Alinitazama kama mtu aliyekumbushwa kitu asichotaka kukumbuka. Alikuwa kijana mdogo, labda alinizidi miaka michache tu. "Wasome Jumapili," akasema. Kwa upole, nadhani. Kisha wakatoka.

Wanawake wakakusanya watoto na vikapu, wakapitia majembe majumbani. Hakuna aliyenilaumu, wala hakuna aliyenishukuru. Niliwatazama kutoka dirishani wakipanda kwa mstari, majembe mabegani, wakiimba ba be bi bo bu. Sikujua kama wananikejeli au wanajiliwaza. Bibi alikuwa nyuma kabisa, na mama yangu amembebea jembe.

Jioni ile nilimuuliza mama. "Ulijua lile neno. Kwa nini ulisema hujui?"

"Sikutaka yule kijana ajue ninachokijua," akasema.

"Lakini ungenisaidia."

"Nilikusaidia siku ile ulipokuwa na wanafunzi watatu."

Niliketi kwenye kigoda. Mama akakoroga mboga.

"Ulikuja na vitabu vyako kichwani," akaendelea, "ukasema Sista amekutuma. Nikasema, mwanangu atasimama kwenye chumba kitupu azungumze na kuta? Nikaenda. Nikamfuata Bibi nyumbani kwake, naye akaja. Wale wengine sikuwaita mimi. Waliitwa na matuta."

"Na kusoma je, hukutaka?"

Alifikiri kweli, akiushikilia mwiko juu. "Kwanza sikutaka. Baadaye nilitaka. Sasa sijui."

Jumapili, baada ya misa, walikuja wachache, wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Rafiki yangu alikuja. Bibi alikuja. Mama hakuja, alisema Jumapili ni siku yake ya kupumua. Nilisimama mbele ya mabenchi matupu nikafundisha, na sauti yangu ikawa ndogo tena, ila safari hii haikunisumbua sana, kwa kuwa hata nikinong'ona walinisikia.

Tulipofungua shule, Sista alinipandisha jukwaani niwaeleze wasichana habari za huduma yangu. Wenzangu walikuwa wametoa taarifa zao kwanza, nzuri na fupi: nguo zilizoshonwa, vidonda vilivyofungwa. Mimi niliyaeleza yote kama yalivyotokea, matuta, jumbe, kitabu kilichopinduliwa. Wasichana walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata jirani yangu wa kitanda alicheka, na safari hiyo nilijua anacheka nini. Sista hakucheka. Alingoja kelele zitulie.

"Kwa hiyo huduma yako ilifaulu, au haikufaulu?"

"Sijui, Sista."

"Walijifunza wangapi?"

"Inategemea, Sista, unauliza kujifunza nini."

Nilidhani nitaadhibiwa kwa ujeuri. Sista akasema, "Basi keti," na mkutano ukaendelea. Hakulitaja tena jambo hilo, wala ukiranja hakuniondolea. Nilibaki nikipiga kengele na kugawa maharage, lakini kabla ya kumkaripia msichana aliyechelewa nilianza kumuuliza ametoka wapi. Majibu niliyoyapata yaliniongezea kazi. Mara nyingi sikujua tena nimwadhibu au nimsaidie.

Noeli ilipofika nilipanda tena mlimani. Jumapili ya kwanza, misa ilipokwisha, nilisikia sauti za kuimba silabi kutoka chumba cha mafundisho. Nilikwenda nikachungulia. Rafiki yangu alikuwa amesimama mbele ya ubao, mtoto mgongoni, na fimbo ya kuonyeshea mkononi. Mabenchi hayakujaa, lakini hayakuwa matupu. Hakuna aliyekuwa amemtuma.

Kisha nikatazama alichoandika. Alikuwa amechanganya b na d. Palipotakiwa ba aliandika da, na palipotakiwa da aliandika ba, safu mbili nzima, kwa mwandiko mzuri ulionyooka. Na wanawake walikuwa wakisoma kama alivyowafundisha, kwa nguvu, bila shaka yoyote.

Nilisimama mlangoni. Ningeingia nimsahihishe mbele yao, wasingemwamini tena. Ningenyamaza, wangebaki wakisoma *dada* pale palipoandikwa *baba*. Ningengoja mpaka mwisho, lakini je, kila dakika ya kungoja si ni kosa linalozidi kukomaa vichwani mwao? Nilikuwa kiranja mkuu. Miezi yote ile nilikuwa nimefundishwa kwamba kiongozi hasiti.

Bibi akaniona. Akasogea kwenye benchi, akapiga kwa kiganja nafasi iliyobaki kando yake. Nikaingia nikaketi.

Rafiki yangu aliniona pia. Aliona haya kidogo, akarekebisha kanga ya mtoto, kisha akanyoosha fimbo yake kwenye safu ya kwanza.

"Mgeni wetu," akasema, "hebu tusomee."

Nilitazama ubao, nikamtazama yeye. Nikasimama, kama walivyosimama wao kwangu siku ile ya kwanza.

"Mwalimu," nikasema, "mimi herufi hizi mbili hunichanganya siku zote. Hebu tuzitazame pamoja."

Akageuka akauangalia ubao. Akauangalia sana, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Wanawake nao wakainamisha vichwa vyao upande uleule. Sijui ni wakati gani hasa alielewa. Alichukua chaki, akaifuta safu ya kwanza kwa pindo la kanga yake, na sote tukaanza upya.